Nane ya Nani?

Mwanangu, kuna alasiri moja ya hospitali ya Rumonge ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa muuguzi mgeni, nimerudi na wazazi wangu kutoka Tanzania nilikosomea, kichwa kimejaa akili mpya. Usinicheke, kila mtu huanza hivyo.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vingi na wauguzi wachache, na sindano zilikuwa zinasahaulika. Nikakata boksi za dawa, nikatengeneza kadi, nikatundika moja kwenye kila kitanda kuonyesha saa ya sindano inayofuata. Daktari akapita, akanisifu mbele ya wote. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia ndoo nzima. Daftari la dawa nikaacha kulijaza, nikaliona la kizamani. Saa sita nilipomaliza zamu nikamwachia mwenzangu Deo wodi bila kumweleza neno. Kadi si zinasema zenyewe?

Kwenye kitanda cha Aline, binti wa miaka minne kutoka Minago aliyelazwa kwa malaria kali, nilikuwa nimeandika 8. Nilimaanisha saa nane ya mchana. Kwa mdomo sote hapa tunahesabu hivyo, lakini kwenye karatasi hospitali inaandika saa za Kifaransa, na saa nane ya mchana ni 14. Deo alisoma 8, akajua ni ya asubuhi, sindano imeshapita.

Saa kumi nilirudi na kadi nyingine mkononi. Nilikuwa nafuata sifa, sitakudanganya. Mlangoni nikamsikia mama yake Aline analia: "Muchana hawajamuchoma! Nilimuuliza muganga, akanionesha karatasi!" Muganga kwao ni muuguzi; alimaanisha Deo.

Mtoto alikuwa anakakamaa mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Degedege. Kadi zikaniponyoka.

Shefu wetu wa wauguzi, mama mmoja wa Muhuta asiyepandisha sauti, alikuwa ameshamlaza ubavu. Tukampa dawa ya kutuliza, kisha sindano yake. Halafu tukangoja. Kungoja kule, mwanangu, sikuombei ukujue. Nilijaribu kumtazama mama yake Aline, nikashindwa.

Shefu akaichomoa kadi kitandani. "Hii munane iko ya asubui ao ya muchana?"

"Ya mchana, shefu."

"Nani alijua?"

"Mimi peke yangu, shefu."

"Basi ulijiandikia wewe mwenyewe."

Jua lilipokuwa linaelekea upande wa Kongo, Aline alifumbua macho, akaomba maji. Nililia kuliko mama yake. Nikavua koti jeupe, nikamwambia shefu narudi kwetu Nyanza-Lac, kazi imenishinda. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Unakimbia? Kesho nani atatundika hizi karatasi? Akili ni nzuri, lakini iko ya kichwa kimoja. Vaa koti. Umuombe huyu mama musamaha, kisha uite wenzako."

Nikapiga magoti na kikombe cha maji ya Aline mkononi, nikaomba msamaha. Yule mama alinipokonya kikombe, akamnywesha mwanawe mwenyewe. Alikuwa na haki. Asubuhi yake tukakaa wote, na Deo akasema tuandike saa kama za daftari, na anayechoma aweke sahihi. Tangu hapo hakuna aliyeziita tena kadi zangu; zikawa kadi zetu.

Basi nisikilize. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, kwa hiyo usiogope kubuni. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa: jambo jipya lieleze kwa mdomo, liandike kwa namna ya wenzako, kisha waulize wameelewaje. Na ukikosea, usivue koti. Kuipenda kazi ni kurudi kesho yake na aibu yako usoni, ukamhudumie yule yule uliyemkosea. Mungu akuzidishie maarifa kila kukicha, akupe na ulimi wa kuyasema kabla hayajaua mtoto wa mtu. Amina.