Siku Filimbi Alipomsahau Mtahini Wake

Kitinda mimba wangu alizaliwa na sauti ndogo kama ya kifaranga. Alipofika miaka tisa akapewa filimbi ya bati kambini ili naye asikike, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Ni Filimbi mpaka leo. Ana miaka thelathini na tisa, mume, watoto wawili, na mvi tatu ambazo anadai amezirithi kwangu.

Kambi ninayoisema ni ya kanisa letu. Ina mabweni mawili ya matofali, bwalo la kulia, jiko, uwanja wa mahema, na msitu wa misonobari unaoteremka mpaka kwenye kijito. Mimi nimepika pale miaka thelathini na moja. Niliishia darasa la saba, na sisemi kwa aibu. Darasa la saba la enzi zetu lilikuwa na hesabu za kichwa. Nitajie vijana mia na ishirini, nitakwambia maharage kilo ngapi kabla hujafunga mdomo. Filimbi alikulia kati ya masufuria yangu. Akawa mshiriki, akawa kiongozi wa bweni, na mkurugenzi wetu wa zamani alipostaafu, akawekwa yeye kukaimu.

Kukaimu huko kulichukua miaka mitatu. Hatimaye bodi ya kambi ikamwita. Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na huongea kama anasoma tangazo, alimwambia, "Kambi ya siku hizi inataka msomi. Pata shahada ya uzamili ya uongozi wa kambi za Kikristo, tutakuthibitisha. Ukifika mwisho wa mwaka ujao hujaipata, tutatangaza nafasi."

Basi akaenda chuo. Watu walicheka, sikufichi. Ndugu yangu, mjomba wake Filimbi, alisimama sebuleni kwangu akapiga makofi. "Shahada ya kuwasha moto! Mimi nimewasha moto tangu sijaota magego. Mnipimie joho langu."

Mume wa Filimbi, fundi umeme, hakubaki nyuma. "Mjomba, mimi nina raha. Mwenzangu anasomea kulala nje. Nikimfungia mlango, ni mazoezi kwa vitendo."

"Jaribu," Filimbi akasema. "Nami nimesomea kuvunja kambi."

Lakini masomo yenyewe hayakuwa mzaha. Wiki mbili kila muhula alikuwa chuoni, siku nyingine anafanya kazi yake na kusoma kwenye meza yangu ya jikoni, mimi namenya viazi, yeye ananisomea kwa sauti. Uumbaji na imani. Namna ya kumlea kijana kiroho akiwa mbali na nyumbani. Ulinzi wa watoto. Kulikuwa na kitabu kizima cha kutathmini hatari, kinene kuliko ubao wangu wa kukatia nyama. Alipofika pale panaposema jiko la kambi liwe na ndoo za mchanga karibu na moto, niliweka kisu chini.

"Hizo ndoo zangu ziko pale tangu mwaka gani?"

"Tangu nilipokuwa mtoto, Mama."

"Kumbe nimekuwa mhadhiri miaka yote hii, tena bila mshahara wa chuo."

Alifaulu mitihani yote ya karatasi. Likabaki jambo moja: aongoze kambi ya siku nne huku mhadhiri wake akimtazama na kumpa alama. Ikapangwa likizo ya mwezi wa nane. Vijana arobaini na wawili, viongozi wasaidizi watano, na yeye Filimbi wa sita.

Mhadhiri alikuja na begi dogo na kofia pana. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliingia jikoni kwanza, jambo ambalo nililipenda. "Mama, daktari amenikataza chumvi," akaniambia. "Usinitayarishie chakula cha peke yangu, niondolee sahani yangu tu kabla hujatia." Mgeni asiyesumbua ni dhahabu. Kila mlo niliweka sahani yake pembeni, nikaifunika.

Siku mbili zilikwenda kama maji. Siku ya tatu ilikuwa na Saa ya Ukimya, na hapo ni lazima nieleze desturi yetu. Saa nne asubuhi kila kiongozi huwachukua vijana wake saba msituni, anawaketisha mmoja mmoja chini ya mti, mbali kiasi cha kutoonana, na Biblia na daftari. Hakuna kengele ya kumaliza, wala hakuna filimbi. Haamki mtu mpaka yule aliyemketisha arudi amguse bega. Sababu ni kwamba kengele ikilia, watoto hukimbia kama mbuzi walioona majani, na yote waliyoyasikia moyoni hubaki pale chini ya mti. Desturi hiyo ni ya zamani, na Filimbi aliandika tasnifu yake juu yake.

Asubuhi hiyo mhadhiri akamwambia, "Niketishe na mimi. Siwezi kukupa alama kwa kitu nisichokionja."

Filimbi akafurahi. Akawaketisha vijana wake saba, na mwisho kabisa akamshusha mhadhiri mpaka karibu na kijito, akamwonyesha jiwe zuri, akaondoka kimya. Orodha ya majina aliichapa wiki moja kabla, ikiwa na vijana tu. Hakuongeza mtu kwa kalamu.

Saa tano viongozi wakaanza kurudi na watu wao. "Wangu saba." "Wangu saba." Filimbi naye saba. Saba mara sita, arobaini na mbili. Karatasi ikawa safi kama shuka la hoteli. Wakaendelea na mafundisho, wakacheza kamba, wakaja kula saa saba.

Nilikuwa nimeshagawa kila kitu. Nikageuka kukusanya vifuniko, nikaona sahani isiyo na chumvi bado imefunikwa.

Nikamfuata mezani. "Filimbi, mgeni wako amefunga leo?"

"Mgeni gani?"

Nikamwonyesha ile sahani. Kijiko kikamtoka mkononi. Kwa miaka yote niliyomlea sijawahi kuuona uso ule. Alipita mlangoni mbio, na mimi na magoti yangu haya nikamfuata hatua kwa hatua, nimebeba chupa ya maji.

Nilipofika kijitoni, mhadhiri alikuwa amekaa wima juu ya jiwe kama picha ya harusi, kofia kichwani, daftari limefungwa mapajani. Filimbi alikuwa mbele yake anahema. Mhadhiri alinyoosha kidole, akaonyesha bega lake mwenyewe.

Filimbi akamgusa.

"Ahsante," mhadhiri akasema, akavuta pumzi. "Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika ishirini, Mwalimu. Nisamehe. Nisamehe sana."

"Mwaka mzima sijawahi kukaa hivi. Saa ya kwanza niliomba. Ya pili nikalala. Ya tatu nikadhani unanipima wewe." Akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye kamba yake. Nilimpa maji, akanywa chupa nzima. Tukapanda naye polepole, akala sahani yake yote na kuongeza.

Nikadhani yamekwisha. Lakini kila mwanafunzi wa shahada ile hutakiwa kuandika mwenyewe ripoti ya kambi yake, na ndani yake kuna ukurasa wa matukio: nani alianguka, nani aliumwa na nyuki, kitu gani kilikwenda mrama. Mhadhiri alikuwa amesema waziwazi kwamba yeye hutoa alama akishasoma ripoti. Mchungaji wetu akamvuta Filimbi pembeni. "Mgeni mwenyewe amecheka. Kuna haja gani?"

Na mimi, nisiwe mwongo, nilikuwa upande wa mchungaji. Jioni ile, ameweka ule ukurasa mbele yake mezani, nikamwambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ukirudishwa nyuma, mwaka unaisha, na bodi inatangaza nafasi yako."

"Mficha uchi hazai, Mama. Nani alinifundisha hiyo?"

"Nilikuwa nazungumzia mambo ya hospitali."

"Angekuwa mtoto je? Mtoto wa miaka kumi, anatii, hanyanyuki, na mimi nacheza kamba huku juu?"

Nikamsogezea kalamu. Akaandika ukurasa mzima, saa kwa saa, bila kujipendelea. Sikulala vizuri, nasema kweli.

Majibu yalikuja mwezi wa tisa. Mhadhiri alimsifu uongozi, mafundisho, na namna alivyokaa na vijana. Sehemu ya usalama hakumpitisha. Arudie kambi nyingine likizo ya mwezi wa kumi na mbili, mbele ya mtahini mwingine. Wenzake kumi na mmoja wakavaa majoho mwezi wa kumi na moja, yeye akaenda kuwapigia makofi, akarudi na picha ambamo ndiye pekee aliyevaa nguo za kawaida. Mwenyekiti wa bodi naye alikuwa mtu wa neno lake. Mahafali mengine yalikuwa ya mwaka mwingine, basi karatasi ya tangazo la nafasi ikabandikwa mlangoni mwa kanisa, na Filimbi akaandika barua ya maombi kama mtu wa kuja.

Katika kambi ya marudio alikuja na ubao wenye misumari na vipande vya mbao. Kila aliyeingia msituni, awe kijana, mgeni au mpishi, alitundika kipande chake na kukiondoa mwenyewe akirudi. Nilienda kuokota kuni hatua ishirini tu, akanirudisha nitundike.

"Mimi ni mama yako!"

"Mama yangu ndiye sitaki kumpoteza. Tundika."

Mvua ilinyesha siku mbili, mtahini akalowa mpaka soksi, na alama zikaja nzuri: amefaulu.

Mahojiano ya kazi yalikuwa mwezi wa kwanza, bwaloni, na nani alipika chai kama si mimi? Nilichukua muda wangu kupanga vikombe. Walikuwa watatu: kijana mmoja aliyesoma biashara, mchungaji mmoja kutoka kambi ya jirani, na Filimbi. Mwenyekiti akauliza watatu wote wakiwa wamekaa pamoja, "Kati yenu, nani amewahi kupoteza mtu kambini?"

Kijana akasema hajawahi. Mchungaji akasema, kwa neema ya Mungu, hajawahi.

"Mimi," Filimbi akasema. "Alikaa peke yake saa tatu na dakika arobaini. Alikuwa mhadhiri wangu." Akaeleza yote, na ubao wa misumari, na kwa nini.

Kisha mama mmoja wa bodi, muuza vitambaa mwenye watoto wanne, akaweka kikombe chini. "Mimi wanangu nawapeleka kwa huyu. Hawa wawili sijui kama wamewahi kuhesabu."

Hata mwenyekiti alicheka, na siku hizo alikuwa hacheki. Walituambia matokeo siku ileile kabla vikombe havijakauka. Fundi umeme alikuja na gari kumchukua mkewe, akamkuta bado hajaondoka. Alikuwa amepanda ngazi ofisini, ameshika kisu changu cha jikoni, anakwangua neno "Kaimu" mbele ya "Mkurugenzi" mlangoni.

"Polepole," nilimwambia. "Utaharibu rangi."

"Nitapaka nyingine, Mama," akasema, akaendelea kukwangua.