Wimbo wa Ndiva Siku ya Posa

Waliokuwepo siku ile nawataja wote, maana kila mmoja hukieleza kisa hiki kwa namna yake na mimi nimechoka kuwasahihisha: mdogo wangu Nakijwa, aliyekuwa anaposwa, mjomba Senkondo, aliyekaa mahali pa marehemu baba, Yoeli, mposaji, baba yake, Mzee Elinaza, aliyeshuka kutoka Mhezi, huko milimani, na koti lake la kanisani, Gaspari, mtu wa Songea, mkata mkonge, aliyeniazima betri, na mimi, dada mkubwa, mwenye aibu yote. (Wadogo zangu wa kiume walikuwa nje na sufuria, lakini walisikia vizuri kuliko sisi.)

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, baadaye nikafungua kibanda cha chai pale Makanya, barabarani, na chai hiyo ndiyo iliyowalea wadogo zangu miaka ile ya foleni ya sukari (kuna siku mteja alikunywa chai akiikumbuka tu sukari). Kisha biashara zikafunguliwa, mitumba ikaja, redio za kaseti zikaja, nami nikapata moja yenye mlango uliofungwa kwa mpira, na hapo maradhi yangu yakaanza. Wenzangu walipenda bendi za Dar es Salaam. Mimi niliwapenda watu wanaoimba peke yao na gitaa moja, nyimbo walizotunga wenyewe, zile kanda ambazo ndani yake unasikia kuku wanapita. Kila aliyeagiza chai nilimpa na ushauri: msikilize huyu, ngoja ubeti wa pili, usiongee kwanza. Wapakia jasi waliniambia, "Dada, chai yako tamu, shida ni hiyo dawa unayotunyweshea nayo." Niliwahurumia kwa kutojua muziki.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa bwana mmoja mwembamba, aliyeimba Chasu, lugha yetu Wapare, na kuuza kanda zake mwenyewe gulioni Same. Nilijiona kama nimemgundua mimi.

Sasa, Nakijwa alikuwa wa kwanza kwetu kuposwa kwa utaratibu, wazee wakiwa wamekaa. Watu walikwisha kusema kwamba mabinti wasio na wazazi huwa hawaposwi, huokotwa. Kwa hiyo niliapa siku ile isiwe na doa, nikasugua hata miguu ya meza. Mzee Elinaza alikuja na kikapu cha maharage ya shambani kwake, manene, yanang'aa, tukayapikia makande palepale. Sahani zikiwa magotini mazungumzo yakalala, wazee wakawa wanangojeana nani aanze kutaja mambo ya mahari, mjomba akanong'ona niweke ile kanda ya kwaya. Nilikuwa nayo mkononi. Lakini nikawaza kwamba wageni wazito namna hii wanastahili muziki wenyewe, nikaiweka chini kwaya, nikamweka bwana wangu mwembamba.

Wimbo ulimhusu mtu anayesoma Neno kanisani Jumapili, halafu alfajiri ya Jumatatu anakwenda kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya mifereji ambalo huko milimani kila shamba lina zamu yake, analifungua kwa kisigino katika zamu ya mwenziwe. Jina halitajwi. Mjomba alianza kuchunguza kikombe chake kama anakinunua. Yoeli akaangalia miguu yake. Mimi nikaona wameguswa (siku ile kila kitu nilikiona ni kuguswa), nikaongeza sauti.

Gaspari, ambaye Chasu hajui, akauliza anasema nini huyu. Hapo bado tungepona, kwa sababu jambo lililoimbwa kwa Chasu sote tungeweza kukubaliana kwamba hatukulisikia. Mimi nikasimamisha redio, nikatoa kanda, nikairudisha nyuma kwa kalamu ili nisimalize betri za watu, nikaanza upya, nikatafsiri mstari kwa mstari, nimesimama, na mikono juu.

"Anasema mtu huyu hukohoa mara mbili kabla ya kusema uongo."

Mzee Elinaza akakohoa. Mara mbili.

"Kumbe watu wa hivyo wapo," akasema Gaspari.

"Wapo, na mtamu ni ubeti unaofuata. Anasema ukitaka kumjua, tazama maharage yake, yamenenepa wakati ya jirani yamekauka."

Sote tulikuwa tunayatafuna. Huko nje mtu alicheka, kisha akazibwa mdomo.

Mzee akaweka sahani chini. "Binti, huyo mwimbaji unamfahamu?"

"Namfahamu sana, baba. Namwambia kila mtu amsikilize."

"Na kwao unakujua?"

Nilijua nyimbo zake zote, nilijua mahali anapokosea gitaa. Kwao sikuwahi kumuuliza.

"Shamba lake liko chini ya langu," akasema, akachukua kofia yake.

Nyuma ya pazia, Nakijwa, ambaye siku kama ile hatakiwi kusikika, akaniita. Hakusema dada. Alisema, "Namkunda," basi, na tangu azaliwe hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikapiga magoti mbele ya mzee. Mjomba akaahidi mbuzi wa kuomba radhi.

"Mbuzi huliwa akaisha," akajibu mzee. "Wimbo hauishi. Nitamchukua binti yenu, kosa si lake. Lakini wewe wa redio utaniletea wimbo mwingine, wa huyohuyo, unaonisema vizuri, na wimbo huo utapigwa hapahapa."

Nikakubali, siku ile ningekubali hata kuuimba mwenyewe. Nakijwa akaolewa kwa heshima zote, na kwaya. Mimi nikaenda gulioni kumsihi bwana wangu. Alinisikiliza akikaza nyuzi, akasema, "Mimi naimba nilichokiona. Mwambie atende, nikiona nitaimba."

Nilifikisha ujumbe, kwa upole kadiri nilivyoweza. Nakijwa sasa ana watoto wawili, na kila nikipanda Mhezi namwamkia mkwe wetu shikamoo, ananijibu, "Marahaba. Wimbo?" Ila nasikia kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua ndiva, yeye ndiye hufika wa kwanza, anaingia topeni mpaka magotini, akiinuka anatazama kule chini, kwenye shamba la jirani.

Nikampelekea mwimbaji habari hizo mbio. Akasema ameshamwona.

"Basi?"

"Bado anaangalia kama namwona."

Kibandani sasa napiga kwaya tu, na mteja akiniuliza asikilize nani, namuuliza anataka sukari kiasi gani. Wimbo bado nadaiwa.