Kiingereza cha Theuri wa Mizani

Theuri alikuwa mpimaji katika kiwanda cha kahawa karibu na Othaya. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kumenya, hatua chache kutoka kwa mizani yake. Mwaka wa 1969 alikuwa na miaka thelathini na moja na alikuwa ameanguka mtihani wa Kiingereza mara mbili. Mwalimu Simiyu, aliyetoka Bungoma kufundisha shule ya jirani, alimletea habari kwamba mwalimu mkuu angemshikia nafasi ya kufundisha mpaka Januari, akipita. Tangu siku hiyo Theuri hakutulia. Hata chai alikunywa akitembea.

Kilichomwangusha ni kitu kimoja. Sisi tukisema napenda kusoma au nataka kusoma, kusoma ni kule kule. Kiingereza kinakulazimisha uchague: neno hili hufuatwa na to, lile hufuatwa na ing, na hakuna anayekuambia sababu. Theuri alikariri orodha jioni, asubuhi ikawa imetoka.

Ndipo akawatumia akina mama walioleta kahawa. Kabla ya kupimiwa, kila mkulima humwaga kahawa yake juu ya gunia akatenga mbivu na mbichi. Watu wa juu ya barabara walikaa kando ya ukuta, wa chini walikaa kando ya mfereji, kila mtu mahali pake pa miaka yote. Theuri akawagawia maneno. Ukutani ni to, mferejini ni ing.

"Leo mimi ni nani?" Gathoni, mama yake Kagure, aliuliza kila akifika.

"Wewe ni promise, mama Kagure. Kuahidi."

"Na huyu Wachuka?"

"Want. Kutaka."

"Hiyo ni kweli. Na mbuzi yake inataka zaidi kuliko yeye."

Wachuka, aliyekaa naye bega kwa bega ukutani, alicheka bila kuinua macho kutoka kwa kahawa.

Maneno yakashika. Simiyu alimuuliza ishirini, akapata yote. Lakini wiki moja kabla ya mtihani, mbuzi wa Wachuka aliingia shambani kwa Gathoni akala marando ya viazi vitamu, hakubakisha kitu. Kesho yake Gathoni alibeba gunia lake akaenda kukaa mferejini.

Theuri alisahau mizani. Alimfuata.

"Mama Kagure, rudi ukutani mpaka Ijumaa tu."

"Nikae na huyo? Niko na watoto watano, na viazi yangu yote iko kwa tumbo ya mbuzi."

"Ni kwa sababu ya mtihani yangu."

"Ati mtihani. Mwambie mbuzi."

Siku mbili kabla ya mtihani, badala ya kusoma, Theuri alikata marando katika shamba lake, akayabeba mgongoni na kwenda kuyapanda kwa Gathoni, mistari sita. Gathoni alimpa uji na kumshukuru vizuri. Asubuhi akaja kiwandani, akaketi mferejini.

"Lakini nilipanda," Theuri alisema.

"Ulipanda wewe. Wachuka amepanda nini?"

Ijumaa Theuri alikwenda Ruring'u kufanya mtihani. Jumamosi alitueleza, mikono ikicheza na mawe ya mizani. Neno promise lilikuwepo. Alimwona Gathoni ukutani, akaandika to. Akamwona mferejini na hasira zake, akafuta, akaandika ing. Akafuta tena. Karatasi ikatoboka. Mwishowe akajiuliza ni wapi mama huyu alikaa akiwa hajakasirishwa na mtu. Akaandika to, pembeni mwa tundu.

"Kama msahihishaji hakuliona?" aliniuliza. Aliniuliza hivyo mpaka Desemba.

Barua ya matokeo ililetwa na Simiyu wiki ya kwanza ya Januari, mchana, watu wamejaa. Theuri hakuipokea. Alinielekezea kidole.

"Asome huyu."

Nilipangusa mikono. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, nilisoma polepole, na akina mama wote wakaacha kuchagua.

"Amepita," nilisema.

Theuri alizunguka mizani mara moja, akarudi.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akazunguka.

"Angalia jina vizuri. Ni langu?"

"Ni lako."

"Basi soma tena."