Mashine ya Kahawa Niliyoinunua kwa Ucha Mungu

Kosa ni langu, ndugu zangu, na shetani simsingizii. Ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa amefungwa minyororo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Serikali ya vijana ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa, zile za kuonyeshana dhahabu, nami nikamwambia mke wangu: "Bangili za dhahabu utazivalia wapi sasa? Tuziuze, tufungue mkahawa hapa Moroni."

Alizivua polepole. "Zilikuwa za mama," akasema. Nikamwahidi nyingine nzito zaidi.

Nikapanda ndege hadi Ouani, kisiwa jirani, mimi na kaka yake. Mutsamudu, mji wa huko, kulikuwa na mfanyabiashara aliyeachiwa mashine ya kahawa na Mfaransa aliyerudi kwao. Shemeji alipokwenda kutafuta gari, nikajibanza nyuma ya ukuta nikala mkate. Njaa haina adabu.

Mashine iling'aa, ina tai wa shaba juu. Niliikagua kama tunavyokagua zawadi za bwana harusi, yaani kwa macho. Muuzaji, haki yake nampa, alisema: "Tuiwashe kwanza, bwana. Kuchemsha maji hakufunguzi saumu."

Shemeji alikuwa ananitazama mdomoni. Nikadhani ameona chembe za mkate. Hapo ucha Mungu ukanipanda: "Harufu ya kahawa mchana wa Ramadhani? Astaghfirullah! Nilivyoiona inatosha."

"Mashallah," akasema muuzaji, akapokea fedha upesi. Shemeji akanisifu dini yangu njia nzima.

Siku ya Idi nikaalika mtaa, nikaiwasha. Ikanguruma, ikamwaga maji ya kutu kwa chini, kanzu mpya za watu zikalowa. Fundi aligusa tangi kwa bisibisi, bisibisi ikapenya. Lilikuwa limeoza zamani.

Mke wangu hakufoka. Aliwatilia wageni kahawa ya birika. Na nyumba ni yake, ndiyo desturi yetu kisiwani Ngazidja, kwa hiyo hata chumba cha kununia sikuwa nacho.

Baadaye serikali ile ikaanguka, harusi kubwa zikarudi. Ya kwanza ikawa ya mdogo wa mke wangu. Wanawake walicheza mikono juu, dhahabu inawaka. Mke wangu alijifunika leso hadi vidoleni, na jua linachoma.

"Dada, huoni joto?" wakamuuliza.

"Naona baridi," akajibu. Nilisikia, na mpaka leo naona aibu.

Jamani, washeni mashine kabla ya kulipa. Ile saumu yangu niliilipa siku nyingine. Bangili za mama yake nitazilipa vipi?