Nywele za Siku ya Wageni

Kazini kwetu wanachangisha tena kwa ajili ya nyumba ya yatima, kama kila mwaka Noeli inapokaribia. Mimi huwauliza swali moja tu: mmewahi kwenda siku ambayo hamkutarajiwa? Hawajawahi. Wananiita mkono wa birika, na wengine husema moyo wangu umekauka. Pengine umekauka kweli.

Nilikulia Kasungami, jirani na nyumba kama hiyo. Ilikuwa na geti la buluu na vitanda vingi vilivyotandikwa vizuri, kwa sababu karibu vyote havikuwa na wa kuvilalia. Wageni wakituma habari kwamba wanakuja, mkurugenzi alipita mlango kwa mlango kuazima watoto, kama watu wanavyoazima viti vya matanga, na jioni akawarudisha. Mama aliuza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara na kutulea peke yake. Alitutoa mimi na mdogo wangu wa kike kwa sababu tulirudi na mchele na sabuni. Mwenye njaa hana miiko.

Lakini hakuweza kuvumilia watoto wake waonekane mbele ya watu na vichwa vya vurugu. Asubuhi ya wageni alituketisha chini, kati ya magoti yake, akatusuka kwa uzi mweusi na kutupaka mafuta. Tukifika getini, mkurugenzi alitushika kichwa mmoja mmoja na kufumua yote. Alisema wageni hawamwonei huruma mtoto aliyesukwa, maana msuko ule unaonyesha mkono wa mama.

Mama alipojua, alimfuata pale pale getini, vumbi la makala bado mikononi. Sijawahi kumwona na hasira namna ile.

"Batoto nilikuazimaka, papa," alimwambia. "Kifo yangu siyakuazima."

Mkurugenzi alicheka, akampa sabuni ya ziada. Siku zilizofuata mama aliendelea kusuka, naye aliendelea kufumua.

Kisha mvua zikaja na kikohozi kikampata mama, na hakikumwacha. Tulimzika. Mama mdogo, ndugu yake, alikuwa na watoto wake wengi katika vyumba viwili, hivyo alitushika mikono akatupeleka kwenye geti la buluu. Nililia njia nzima, lakini kitanda nilikuwa nimeshakichagua, kile cha dirishani. Nilijiambia angalau hicho ninacho.

Mkurugenzi alitupa pole, tena kwa sauti ya upole, akasema hakuna nafasi. Mama mdogo alimwonyesha vitanda kwa kidole. Akajibu kwamba mtoto wa kulala hula kila siku, ilhali wageni hawaji kila siku. Akafunga geti. Nilimchukia, na mpaka leo namchukia, ingawa nimeishi vya kutosha kujua kwamba hesabu hiyo alifundishwa na waliokuwa wakija kutoa misaada.

Haukupita muda wageni wakatuma habari, naye akaja kwa mama mdogo kutuazima. Mama mdogo alikubali. Unga ulikuwa umekwisha, na sisi tulikuwa midomo miwili ya nyongeza. Tukaenda.

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amegusa kichwa changu. Nilipofika getini niliinama mwenyewe, kwa mazoea. Mkurugenzi aliweka mkono, akapapasa huku na huku kutafuta uzi, asiupate.

"Leo uko bien, mama," akaniambia. "Pita."

Nikapita. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kitenge kizuri, aliniuliza wazazi wangu wako wapi, na kwa mara ya kwanza jibu langu, kwamba mama amekufa, lilikuwa kweli. Alinikumbatia akalia sana. Kabla ya kuondoka aliahidi kuleta vitanda vingine.