Usiguse Kwenye Meza Yenye Jiko

Kule kituo cha kulelea watoto anakofanya kazi wanamwita Usiguse, na jina hilo kalipata kihalali. Kutwa nzima ni hilo hilo: usiguse soketi, usiguse pasi, we nawe usiguse pua ya mwenzio! Wakizidi utundu anawaambia wakalie mikono yao, basi utawaona wamekaa wima kama birika kabatini. Hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kuumia mbele yake. Wa kwake ndiye aliyeumia.

Binti yake, Kipusa, alikuwa na miaka mitatu alipoivuta sufuria ya maji ya moto jikoni. Kovu analo mpaka leo, limetambaa kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Tangu siku ile akapigwa marufuku jikoni. Yaani binti mzima, ana kitambulisho, anapiga kura, na kwao hajawahi kukaanga hata yai!

Sasa ukimnyima mtu kitu miaka yote hiyo unategemea nini? Kipusa akawa anajifungia chumbani na simu yake, anaangalia video za watu wanachoma nyama. Halafu siku moja akaenda kuomba kazi, na unadhani wapi? Mgahawa wa Kikorea! Ule ambao jiko limechimbiwa katikati ya meza, nyama inachomwa hapo hapo mbele ya pua yako.

Mwenye mgahawa ni mama mmoja wa Kikorea, mfupi, haongei sana, wafanyakazi wanamwita Madamu. Ana utaratibu wake: ukishafundishwa kazi, meza yako ya mtihani ni ya watu wa kwenu. Wanakuja, wanakaa, unawachomea mwanzo mpaka mwisho, yeye kasimama anakutazama. Ukifaulu unaanza kesho yake. Ukifeli, kwaheri ya kuonana.

Ndiyo maana mchana ule Usiguse alikuwa pale, kijasho chembamba kinamtoka, na pembeni yake kakaa mdogo wake wa kiume, mjomba wa Kipusa, ambaye kwa makusudi kabisa hakunywa chai asubuhi.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," Kipusa alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukinishika mkono hata mara moja, nimefeli."

"Nitakaa kama picha, mwanangu."

"Picha inayotetemeka," mjomba akadakia.

Kipusa akawasha gesi. Moto wa buluu ukazunguka jiko lote, na Usiguse akaruka kichura kwenye kiti. Juu yao bomba la kuvuta moshi lilining'inia kama mkonga wa tembo. Nyama ikatua kwenye wavu, chaaa! Kipusa akashika koleo mkono mmoja na mkasi mkono wa pili, anakata nyama vipande kama anakata kitambaa. Na kila alipogeuza kipande, ule mkono wenye kovu ulipita juu ya moto. Unaenda, unarudi. Usiguse akaona vidole vyake mwenyewe vinaanza kutambaa mezani kuufuata, akavirudisha haraka. Akakalia mikono. Mtu mzima!

"Dada, pumua," mjomba akamwambia mdomo umejaa. "Ukizimia nakula na ya kwako."

"Nyamaza, mlafi wewe. Huoni mtoto anakaribia moto?"

"Naona mtoto anakaribia mshahara."

Hapo ndipo mafuta yakadondoka. Kipande kimoja kilikuwa kinene, mafuta yakashuka chini ya wavu, na moto ukapanda juu, mwekundu, mrefu, ukaificha sura ya Kipusa kabisa. Roho ya Usiguse ikaruka. Hakujua hata amesimama saa ngapi. Alijikuta tu kashika jagi la maji na kaliinua.

"Mama." Kipusa hakupiga kelele. "Hayo ni mafuta, ukimwagia maji yataturukia wote. Weka jagi chini, ukae."

Usiguse akaliweka jagi mezani. Akakaa.

Kipusa akasogeza nyama pembeni na koleo, kipande kwa kipande, akapunguza gesi. Moto ukaporomoka. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Mjomba wa watu alikuwa kajikunyata nyuma ya menyu.

Madamu akasogea mezani, akamtazama Usiguse. "Umeogopa?"

"Mpaka sasa, Madamu."

"Kabla yake nilikuwa na kijana mzuri sana. Mama yake akaja katikati ya kazi, akamvuta mkono, akaondoka naye. Nyama ikaungulia mezani, wageni wanashangaa." Akafuta tone la mafuta pembeni ya jiko. "Binti yako kazi anaijua. Swali la mwisho ni la kwako. Kesho atakuja, au utamzuia?"

Jamani! Neno moja tu. Akisema nitamzuia, jioni Kipusa yuko nyumbani, mkono salama, jiko mbali. Usiguse alilisikia neno lenyewe limeshafika kwenye ulimi. Kipusa hakumwangalia, alikuwa anakwangua wavu, kakaza shingo, macho yamejaa maji na wala si kwa moshi. Mjomba akaacha kutafuna, na hiyo si kawaida yake.

"Atakuja," Usiguse akasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Atakuja kila siku. Na mimi kila siku nitaogopa, kwa hilo usinisumbue."

Madamu akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kumtafutia Kipusa aproni.

Kipusa akafuta macho kwa bega, akaweka nyama ya pili kwenye wavu. "Mama, hii inataka moto mkubwa. Naongeza?"

Usiguse akafumba macho, akang'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ongeza," akasema.