Mguu wa Kulia Mbele

“Huu ubao umepinda. Hii ni mara ya tatu nasema, umepinda, na wewe unajua, ndiyo maana umenipa mimi.”

Fundi alikuwa amesimama mchangani, mguu mmoja umefungwa kamba ya ubao, maji ya chumvi yanamtoka puani, anamnyooshea kidole mwalimu wa mawimbi. Mwalimu alikuwa mwanamume mtu mzima mwenye kipara kilichoungua na jua, mpole kupita kiasi. Asubuhi hiyo alikuwa amemsukuma Fundi kwenye mawimbi kumi na moja, na mara zote kumi na moja alikwenda kumwokota.

“Mama, ubao huu jana kasimama nao bibi wa miaka sitini.”

“Basi mpelekee bibi.”

“Na ule wa juzi?”

“Nao ulipinda.”

“Na ule wa buluu?”

“Ule ndiyo usiseme.”

Nyuma yetu wifi yake akacheka. Ana kicheko cha puani, kifupi, kama mtu anayefukuza nzi. Simu yake ilikuwa juu, anarekodi.

“Wifi, ubao haujapinda,” akasema. “Umepinda wewe, kwa kukaa kwenye kiti miaka thelathini. Hebu rudi tena majini, hii ya mwisho haikutoka vizuri, uso ulijificha.”

Jana yake alikuwa ameirusha kwenye kundi la familia video ya Fundi akienda kichwa chini miguu juu, na chini yake akaandika: “Mapazia leo yanafuliwa.” Watu thelathini na wawili walicheka. Najua idadi kwa sababu Fundi alinipa simu niwahesabu, na nilipomaliza akaniambia nimtajie mmoja mmoja.

Mimi na Fundi tuko chumba kimoja cha kazi mwaka wa kumi na sita huu. Yeye anashona mapazia, sare za shule na magauni. Mimi natoboa matundu na kupachika vifungo. Chumba kina madirisha mawili, moja halifunguki kwa sababu ya marobota ya vitambaa. Cherehani yake ni ya kukanyaga, nyeusi, pedali yake imelika mpaka inang’aa kama sahani. Wenye cherehani za umeme wanamcheka, halafu umeme ukikatika wanapanga foleni mlangoni kwetu wakimwita dada. Anawapa zamu. Lakini anakumbuka nani alicheka, na huyo anakuwa wa mwisho. Hivyo ndivyo alivyo. Hasahau, na wala hajifanyi amesahau.

Mume wake, ambaye mimi namwita shemeji, alikuwa amestaafu kazi ya stoo ya hospitali. Dada yake, huyo wifi, ni karani wa benki na ndiye mpanga mambo wa familia. Akaamua twende ufukweni siku nne, kwenye nyumba ya wageni ambako watu wanafundishwa kuteleza juu ya mawimbi. Kitanda kimoja kilibaki hakina mtu, nikaenda mimi.

Sasa sikieni habari ya gauni, maana bila gauni hamtaelewa kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyejua kuogelea anang’ang’ana na ubao.

Miaka ishirini na miwili iliyopita wifi aliagiza gauni la harusi kutoka ng’ambo. Likafika zikiwa zimebaki siku nne, na likagoma kupita mapaja. Akaenda kwa Fundi analia mpaka anakwama pumzi. Fundi akachukua kitambaa cheupe cha pazia, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakata, akashona siku tatu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pini mdomoni, akazunguka pindo lote, na wifi kasimama juu ya kigoda anatazama dari. Gauni likatoka, watu wote wakageuka alipoingia nalo. Siku ile ile wakamuuliza limetoka wapi. Fundi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, ameshika sinia la glasi.

“Ng’ambo,” wifi akasema.

Na mpaka leo limetoka ng’ambo. Asante haikusemwa siku ile, haikusemwa mwaka ule, haikusemwa tena.

Fundi angeweza kumuumbua siku yoyote. Kila nguo anayoshona huacha alama ndani ya pindo, mishono mitatu ya uzi wa kijani, mahali ambapo mvaaji haoni. Nilimwambia mara nyingi, likunjue hilo pindo mbele za watu, yaishe. Akasema hapana. Alitaka litoke kwenye mdomo ule ule ulioingiza uongo.

Basi siku ya kwanza tu pale ufukweni, tukiwa mezani, wifi akatangaza kwamba binti yake anayeolewa mwezi ujao atavaa gauni lile la mama. Ila kiuno kitapunguzwa kwenye duka la maana. “Siyo la kupeleka kwa mafundi wa mapazia,” akasema, na wakati anasema hayo Fundi alikuwa anampakulia chakula. Alimwongezea hata mchuzi. Nilipoona anamwongezea mchuzi nikajua kuna jambo.

Mchana ule ule wifi akapanda ubao na kusimama mara tatu, amevaa nguo ya kuogelea ya dukani yenye lebo nje. Alasiri Fundi akaenda kujiandikisha.

“Wewe na bahari wapi na wapi?” nikamuuliza.

“Nataka siku moja aniangalie kutoka chini,” akasema.

Hiyo ndiyo hasira aliyokuwa nayo asubuhi anagombana na mwalimu habari ya ubao. Ilikuwa siku yetu ya mwisho. Lilibaki somo moja tu, la saa kumi alasiri.

Wifi akashusha simu. “Tufanye hivi, nikuondolee unyonge. Ukisimama kwenye huo ubao mpaka nihesabu kumi, omba chochote.”

“Chochote?”

“Chochote, mbele ya hawa wote. Ukishindwa, utaandika mwenyewe kwenye kundi: mafundi tubaki na cherehani zetu.”

Shemeji alikuwa amekaa chini ya mwavuli na gazeti. Akakohoa. Miaka yote akiwa katikati ya mke na dada, mchango wake umekuwa kikohozi.

“Nimekubali,” Fundi akasema, akafungua kamba mguuni akaitupa. Aliponyanyua mkono nikaona fulana yake ya kubana, ile anayopewa kila mwanafunzi, imefumuka kwapani.

“Mshono wa kiwandani,” akasema, kama mtu anayetukana.

Kwenye nyumba ya wageni kulikuwa na chumba cha mashuka, na dobi wa pale alikuwa na cherehani ya kukanyaga ya kuzibia foronya. Fundi hakuomba mara mbili. Alivuta kiti, akatumbukiza fulana chini ya sindano, akaanza kukanyaga, na huku anakanyaga anasema. Alimsema wifi, akamsema mwalimu, akausema ubao wa buluu. Cherehani ilikuwa inakwenda mbio mpaka dobi akasogeza mashuka yake pembeni.

Halafu akaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka peke yake, likasimama.

“Tazama chini,” akaniambia.

“Naona pedali.”

“Juu ya pedali.”

“Miguu. Ina mchanga.”

“Upi uko mbele?”

Wa kulia. Ulikuwa mbele, vidole mwisho kabisa wa pedali, na wa kushoto nyuma yake umebonyeza kwa kisigino. Nimeiona miguu hiyo kila siku miaka kumi na sita, lakini sikuwahi kujiuliza.

“Na yule kipara ananiambia niweke upi mbele?”

“Wa kushoto.”

Akainuka, akasimama katikati ya chumba, akanipa mgongo. “Nisukume bila kuniambia.”

Nikamsukuma. Nilitia nguvu kidogo, maana na mimi kuna vyangu anavyonifanyia. Alikwenda mbele, na mguu uliotangulia kumdaka ni wa kulia. Tukarudia. Wa kulia. Mara ya tatu dobi akaomba amsukume yeye, na ukawa wa kulia tena.

Fundi akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Nimewahi kukisikia mara moja tu, siku ambayo mteja aliyemtukana alirudi amejifunga sweta kiunoni, suruali aliyoshonewa kwingine imepasuka katikati ya makalio.

“Siku tatu,” akasema. “Siku tatu kipara kanipeleka kinyumenyume, na wifi ananichukua picha.”

Saa kumi tulikuwa ufukweni. Familia nzima ilikuja, hata gazeti la shemeji lilibaki chumbani. Binti wa wifi ndiye aliyeshika simu ya mama yake arekodi, na wifi mwenyewe alisimama kwenye ukingo wa maji, mikono kiunoni, tayari kuhesabu.

Fundi akamnyooshea mwalimu mguu wa kushoto. “Kamba ikae huku. Leo wa kulia unatangulia.”

“Wanafunzi wote naanza nao wa kushoto mbele,” mwalimu akasema.

“Uliniuliza kazi yangu?”

Mwalimu akafikiri. Ni mtu wa haki, hilo nampa. “Sikukuuliza.”

“Basi funga.”

Akafunga. “Kwa hiyo ubao haukupinda?”

“Hayo tutaongea baadaye.”

Wakaingia mpaka maji ya kiuno. Wimbi la kwanza Fundi aliinuka, akatua kwa goti, akamwagika. Wifi akacheka cha puani. Wimbi la pili alisimama kabisa, sote tuliona amesimama, lakini wifi alifika mbili tu na Fundi akaenda na upande. Aliibuka anatema maji, nywele zimemlalia usoni, akaurudia ubao bila kutazama pwani.

La tatu lilikuwa la povu, pana, wala si kubwa. Mwalimu akasukuma. Fundi akabonyeza mikono, akaleta miguu chini yake, kulia mbele, kushoto nyuma kwa kisigino, magoti yamekunjwa kama anayetaka kukaa kitini. Akasimama. Mikono ameiweka mbele, viganja chini, utafikiri anapeleka kitambaa kwenye sindano.

“Moja,” akasema wifi.

Akapumzika.

“Mbili.”

Alikuwa anahesabu kama wanavyohesabu benki ukiwa na haraka. Fundi ameshasogea hatua kumi na tano na wifi bado anavuta pumzi ya tatu. Nikafungua mdomo nimwambie maneno yake, lakini nikasikia sauti nyingine pembeni yangu, nzito.

“Nne. Tano. Sita.”

Ni shemeji. Alikuwa ameingia majini na viatu.

“Kaka, nahesabu mimi,” wifi akasema.

“Saba. Nane.” Hakumtazama. Binti akadakia, nami nikadakia, na dobi ambaye sijui hata alifika saa ngapi. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Ubao ulikuja mpaka kwenye maji ya kifundo, ukagusa mchanga, na Fundi akashuka kwa miguu yake, kulia kwanza, kama mtu anayeteremka ngazi ya nyumbani kwake.

Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya wifi, anauburuza ubao kwa kamba.

“Hongera, wifi,” wifi akasema, na kicheko ameshakiandaa. “Umetuweza. Haya tupige picha ya wote, tukale.”

“Umesema chochote.”

“Si nilisema? Sema unataka nini. Nikununulie—”

“Gauni lako la harusi lilishonwa na nani?”

Wifi alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa anatazama viatu vyake, na safari hii hakukohoa.

“Wifi, mambo ya zamani hayo.”

“Ni ya mwezi ujao. Huyu mtoto anaolewa nalo.”

“Mama,” binti akasema, simu bado juu, “si ulisema lilitoka ng’ambo?”

“Zima hiyo simu.”

“Usizime,” Fundi akasema, kwa sauti ya chini. “Zangu hazikuzimwa.”

Binti hakuzima. Alikuwa anafikiri, uso umemkunjamana. “Kuna uzi wa kijani ndani ya pindo,” akasema. “Mishono mitatu. Mimi nilidhani ni alama ya duka.”

“Ni alama ya duka,” nikamwambia. “Duka lenyewe hili hapa, limelowa.”

Wifi akasema. Alisema kwa haraka, macho kwenye mchanga, kwamba gauni alishona yeye.

“Yeye nani?” Fundi akauliza. “Bahari ina kelele.”

“Wewe. Wewe ndiye uliyeshona. Kwa kitambaa cha pazia. Kwa siku tatu.”

“Lilikutosha au halikukutosha?”

“Lilinitosha.”

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, kama anapokagua mshono na kukuta hauna kosa. Halafu akamgeukia binti. “Lilete dukani kwangu Jumatatu. Kiuno nitakupunguzia. Na uzi wa kijani safari hii nitauweka nje.”

Kisha akausogeza mbele mguu wa kushoto, ule wenye kamba.

“Nifungue. Mimi magoti yamechoka.”

Wifi alitazama huku na huku. Mwalimu alikuwepo, kazi hiyo ni yake, lakini mwalimu akageuka akaanza kukagua ubao kama ana shaka nao. Wifi akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa. Ile kamba ina ulimi wa kunasa, ukilowa unang’ang’ania, ikabidi atumie mikono yote miwili. Fundi alisimama wima juu yake, anatazama mbali.

Ulimi ukaachia.

“Asante,” wifi akasema, kichwa bado kiko chini, na sote tulijua hakusema habari ya kamba.

“Haya,” Fundi akamjibu. “Hiyo nimeipokea.”